John Cena na uzito wa hoja za waliomzomea

Usiku wa tarehe 13 Desemba 2025, jijini Washington, mwanamieleka wa Marekani John Cena alipigwa kabali na Gunther, mbabe kutoka Austria, akajinasua, akakabwa tena, na mwishowe akatabasamu kidogo na kupigapiga mkono kuashiria kwamba amesalimu amri. Ukumbi mzima ukazomea. Safari hii hakuzomewa yeye. Ilizomewa WWE, kampuni ya Marekani inayoandaa mieleka ya burudani, kwa kumfanya mtu ambaye fulana zake kwa miaka mingi zilihimiza watu wasikate tamaa amalize pambano lake la mwisho kwa kukata tamaa. Ajabu ni kwamba wengi wa waliokasirika ukumbini walikuwa na umri wa wale waliotumia ujana wao kumwimbia kwamba hajui mieleka. Nadhani hoja yao ya zamani inastahili kupimwa upya, kwa sababu sehemu yake ilikuwa ya kweli, na sehemu yake iliyo nzito kuliko zote haikuhusu ufundi hata kidogo.

Kila mtu anajua kwamba matokeo ya mieleka ya namna hii hupangwa kabla watu hawajapanda ulingoni. Kwa hiyo ufundi hapa haupimwi kwa kumwangusha mpinzani kweli, bali kwa kuufanya mwanguko uaminike na kumfanya mtazamaji aketi ukingoni mwa kiti hata kama mwisho anaukisia. Kwa kipimo hicho, wakosoaji wa Cena walikuwa na ushahidi mbele ya macho yao. Mitindo yake ilikuwa michache na ilifuatana kwa mpangilio uleule: kumgonga mpinzani kwa bega mara mbili, kumzungusha na kumbwaga, kupunga kiganja mbele ya uso, kumshushia ngumi, kisha kumbeba mabegani na kumtupa. Kabali yake maarufu, ile ya kuukunja mguu wa mpinzani huku akimkaba kutoka nyuma, mara nyingi ilikuwa legelege mno. Ukiitazama kwa karibu unaona nafasi kati ya mkono wake na kidevu cha anayedaiwa kunyongwa. Mtu aliyeanza kuonekana katika WWE tarehe 27 Juni 2002 kwa kupambana na Kurt Angle, aliyetwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1996, hakuweza kukwepa kulinganishwa.

Hata hivyo, orodha ya mapambano yake inaikataa hukumu hiyo. Mwezi Januari 2007 alipambana na Umaga, jitu la miraba minne. Miezi mitatu baadaye, jijini London, alikwenda na Shawn Michaels karibu saa nzima bila watazamaji kuchoka. Mwaka 2011 alikutana na CM Punk karibu na Chicago, mji wa nyumbani wa Punk, na mwaka 2017 akakutana na AJ Styles mjini San Antonio. Wapo wanaojibu kwamba wapinzani hao ndio waliombeba. Jibu hilo lingetosha kama wangekuwa wa aina moja, lakini Umaga alikuwa mzito wa kuvunja, Styles mwepesi wa kuruka, na Punk mtu wa maneno makali. Kilichofanana katika mapambano yote hayo ni Cena peke yake. Alijua wakati wa kulala chini, muda wa kuwaacha watu wakate tamaa, na sekunde ya kuinuka. Mwaka 2015, alipotetea mkanda wa Marekani dhidi ya yeyote aliyejitokeza, alijaribu kuongeza mitindo mipya ya kuruka kutoka kwenye kamba na mara kadhaa ikamtoka vibaya, lakini mapambano yenyewe yalikuwa miongoni mwa mazuri zaidi maishani mwake. Kwangu huo ni uthibitisho kwamba thamani yake haikutegemea wingi wa mitindo.

Kuhusu mvuto wake, tukio lisilosahaulika ni la tarehe 11 Juni 2006 katika ukumbi wa Hammerstein, New York. Cena alivua fulana yake akaitupa kwa mashabiki, wakamrudishia; akaitupa tena, ikarudi tena. Bango moja liliahidi ghasia endapo angeshinda. Baadaye zogo hilo likageuka utaratibu: sauti nyembamba za watoto zikimhimiza, sauti nzito za wanaume zikimtukana, kwa zamu kama kiitikio. Watetezi wake husema kwamba kinachoua mieleka ni ukimya, na kwamba kuzomewa nako ni kutazamwa. Nakubaliana nao nusu tu. Wale wanaume walikuwa wakitoa malalamiko ya kweli, na kampuni iliyasikia ikaendelea kuuza fulana. Ilikuwa pia na sababu isiyodharaulika: huyu ndiye mtu ambaye, kupitia shirika la hisani la Make-A-Wish, alikuwa ametimiza matakwa ya watoto wagonjwa zaidi ya 650 kufikia mwaka 2022. Kumgeuza mhusika mbaya ulingoni, adui wa watoto hao, halikuwa jambo jepesi, na lilipofanyika hatimaye mjini Toronto mwezi Machi 2025, lilifanywa kwa kusitasita na kuachwa kabla mwaka haujaisha.

Mtazamaji wa Afrika Mashariki aliyekulia kwenye vibanda vya video ataielewa haraka hasira ile. Huko tulizoea kwamba steringi hafi. Lakini hata steringi asiyekufa huchosha akifufuka bila gharama yoyote, na hapo ndipo naona kosa kubwa katika urithi wa Cena.

Tarehe 15 Agosti 2010, mjini Los Angeles, kundi la chipukizi lililoitwa Nexus, lililokuwa limetikisa kampuni nzima kwa miezi miwili, lilikutana na timu yake. Cena alipigizwa kichwa kwenye sakafu tupu ya zege, na dakika chache baadaye akainuka na kuwamaliza wawili waliobaki, mmoja baada ya mwingine. Edge na Chris Jericho, waliokuwa upande wake, walieleza baadaye kwamba walishauri vijana wale washinde. Wade Barrett, kiongozi wa kundi, hakuwahi kuwa bingwa wa dunia katika WWE. Ubingwa 17 wa Cena, uliompita mwanamieleka mkongwe Ric Flair mwezi Aprili 2025, hauniambii mengi, kwa kuwa mikanda hugawiwa ofisini. Kijana aliyezimwa akiwa amewaka kweli ananiambia zaidi.

Ni haki kusema kwamba alilipa sehemu ya deni. Mwaka 2014 alikubali Brock Lesnar amkamate kutoka nyuma na kumbwaga kwa kumrusha kinyumenyume mara 16 bila kujitetea kwa maana. Mwaka uliofuata Kevin Owens alimshinda kihalali katika pambano lao la kwanza, na mwaka 2016 Styles akamshinda vivyo hivyo. Ndiyo maana siungi mkono hasira ya Washington. Gunther alihitaji kitu ambacho Nexus walinyimwa, nacho ni kumwona Cena akishindwa pasipo kisingizio. Cena alimpa, akavua viatu na vitambaa vya mikononi, akaviacha katikati ya ulingo, akapiga saluti na kuondoka huku kelele zikiendelea.