Badilisha Gurudumu Nyumbani Kwanza

Madereva wengi wa magari madogo nchini Tanzania wanatembea na gurudumu la akiba ambalo hawajawahi kulitoa kwenye buti tangu gari liliposhushwa bandarini Dar es Salaam. Gari limetoka Japani likiwa limekwisha kutumika miaka kadhaa, limesajiliwa, limekatiwa bima, limevalishwa viti na kufungwa redio mpya, lakini jeki, spana na lile tairi lililolala chini ya zulia la buti hudhaniwa tu kwamba vipo na vinafanya kazi. Maoni yangu ni kwamba mtu ambaye hajawahi kubadilisha gurudumu la gari lake akiwa nyumbani, mchana, bila haraka, asijihesabu kuwa ana gurudumu la akiba. Ana mzigo tu nyuma ya gari.

Najua jibu la haraka: mafundi pancha wako kila kona. Kwa Dar es Salaam ni kweli. Ukipata pancha Sinza au Tandika hutasukuma gari mbali kabla hujaona tairi kuukuu limesimamishwa kando ya barabara kuwa tangazo, na fundi amekaa kivulini karibu na kompresa yake. Lakini barabara kuu ya kwenda Iringa hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na humo hakuna kibanda cha fundi, wala dereva hafungui mlango kabla ya kutazama kulia na kushoto, kwa kuwa tembo na nyati huvuka hapo. Mbele zaidi kuna Kitonga, yenye mlima mkali, kona zinazofuatana na malori yanayopanda kwa kujikongoja, ambako hata pa kuegesha ni shida. Huko ndiko gurudumu la akiba linakotakiwa kuwa zima.

Ukaguzi uanze na tairi lenyewe. Ubavuni mwa kila tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi la akiba huwa na kashata zinazong'aa kwa sababu halijawahi kukanyaga lami, na hilo humdanganya mwenye gari. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala, na nyufa ndogondogo ubavuni ndizo hutoa taarifa. Kisha kuna lile tairi jembamba la muda linalokuja na magari mengi ya Kijapani. Hilo hutaka upepo wa psi 60, karibu mara mbili ya matairi mengine ya gari hilo, na halikusudiwi kuendeshwa kwa mwendo unaozidi kilomita 80 kwa saa. Maelezo yote hayo yameandikwa ubavuni mwake, lakini fundi asiyeambiwa hulijaza kama analijaza tairi la kawaida, nalo likifungwa hubonyea mara gari linaposhuka kwenye jeki.

Magari ya miaka ya karibuni yana jambo jingine: mengi hayana gurudumu la akiba kabisa, bali yana chupa ya gundi na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye umeme wa gari. Chupa hiyo huziba tundu dogo la msumari kwenye sehemu ya kukanyagia, lakini haisaidii kitu tairi likichanika ubavuni, na ina tarehe ya mwisho wa matumizi ambayo mara nyingi hupita gari likiwa bado liko Japani. Anayesafiri mikoani na gari la namna hiyo afadhali atafute rimu na tairi linaloingiana na gari lake, hata kama litakula nafasi ya mizigo.

Suala linalonikera zaidi ni nati. Kwenye vituo vingi vya matairi, kijana hukaza nati kwa mashine ya upepo mpaka inapopiga kelele, kisha huhamia gurudumu linalofuata. Kiwango cha kukazia kwenye magari mengi madogo ya Toyota ni Nm 103 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Kwa spana yenye mpini wa sentimita 25, hiyo ni sawa na kuukandamiza mpini kwa uzito wa kilo 42 hivi, jambo ambalo mtu mzima wa kawaida analiweza, mwanamke au mwanamume. Mashine isiyopimwa huzidisha kiwango hicho sana, na ile spana fupi iliyomo ndani ya gari haiwezi tena kuifungua nati hiyo. Ukichomeka bomba la chuma na kuufanya mpini uwe wa sentimita 50, nguvu inayohitajika hupungua kwa nusu, na ndiyo maana madereva wa malori hawatembei bila bomba. Lakini dawa iliyo bora ni kusimama pale kituoni na kusema, "Fundi, malizia kwa spana ya mkono." Atakutazama kama mtu wa kusumbua. Mwache akutazame.

Kazi yenyewe haina siri kubwa. Gari liwe mahali pa tambarare, breki ya mkono imevutwa, gia iko kwenye P au namba moja, na jiwe limewekwa kwenye gurudumu lililo mkabala, kwa pembe, na lile linalotolewa. Nati hulegezwa kidogo gari likiwa bado chini. Akianza na jeki, dereva atajikuta anazungusha gurudumu badala ya nati, na gari linatikisika juu ya kipande cha chuma. Jeki ina mahali pake maalumu, penye alama chini ya kizingiti cha mlango, na kwenye mchanga huhitaji kipande cha mbao chini yake. Wazoefu hulisukumia gurudumu la akiba chini ya kizingiti wakati wakifungua lile bovu, ili jeki ikiteleza gari lidondokee tairi na si mtu. Wakati wa kufunga, nati za rimu za chuma huingia kwa upande uliochongoka, na hukazwa kwa kurukia upande wa pili kila mara badala ya kufuatana, ili rimu ikae sawasawa.

Kinachoua watu zaidi ni mahali pa kusimama. Tairi likiisha upepo kwenye kona, endelea polepole mpaka upate sehemu iliyonyooka, hata kama rimu itaharibika. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Pembetatu ziwekwe mbali vya kutosha, abiria washuke na kukaa nje ya barabara. Na yale matawi na mawe ambayo madereva wetu huyapanga kutoa tahadhari yaondolewe kazi ikiisha, maana jiwe lililoachwa kwenye lami ni ajali ya mwingine saa mbili usiku.

Ningependa kila mwanafunzi wa udereva atakiwe kubadilisha gurudumu mbele ya mtahini, kwa zana zilizomo ndani ya gari hilohilo na si za gereji. Askari wa barabarani huulizia pembetatu na kizima moto. Sijawahi kuulizwa kama jeki yangu inapanda.

Baada ya kilomita 50 hadi 80, nati zikazwe tena, kwa sababu rimu hukaa vizuri zaidi gari linapotembea. Lile tairi lenye pancha nalo lipelekwe kwa fundi siku hiyohiyo. Kamba ya mpira inayosokomezwa kwa nje itakufikisha mjini, lakini kiraka kinachobandikwa kwa ndani, baada ya tairi kutolewa kwenye rimu, humwezesha fundi kuona kama nyuzi zilizomo ndani ya tairi zimekatika. Tundu likiwa ubavuni asikubaliwe kuliziba, hata akisema bei ni ndogo.