Shada la Maua kwa Mteja: Shukrani au Chambo?

Mkono mtupu haulambwi, na wafanyabiashara wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana mwaka ukielekea ukingoni ofisi hujaa kalenda, shajara na chupa za maji zenye nembo za kampuni zilizozileta. Maua nayo yamo katika msafara huo, lakini nadhani yanastahili kupimwa peke yake, kwa sababu hayakai. Baada ya wiki moja, au mbili yakibadilishiwa maji na kukatwa vikonyo, yamekwisha.

Wanaoyapinga huanzia hapo hapo. Kuna faida gani kumpa mteja kitu kitakachoishia jalalani, wakati kalenda ingekaa ukutani miezi 12 ikilitaja jina lako? Hoja hiyo ina mashiko ukiichukulia zawadi kuwa tangazo. Mimi siichukulii hivyo. Kalenda yenye nembo huendelea kumfanyia kazi aliyeitoa. Maua hayamfanyii mtu kazi, na hayawekwi akiba wala kuuzwa tena, kwa hiyo ni vigumu kuyageuza malipo ya kificho. Kunyauka kwake, ambako wengine wanakuona kasoro, kwangu ndiko kunakoyafanya yafae katika biashara.

Hata hivyo nisiyatakase kupita kiasi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 inayokataza kuwahonga maofisa wa serikali za nje inataja kitu chochote chenye thamani, na sheria ya Uingereza ya mwaka 2010 inagusa hata hongo kati ya kampuni binafsi. Hakuna mahali maua yamesamehewa kwa kuwa ni maua. Kinachopimwa zaidi ni nia, na nia huonekana kwenye tarehe. Shada likimfikia ofisa manunuzi siku tatu kabla ya zabuni kufunguliwa, hata liwe dogo namna gani, litazua maswali. Shada hilo hilo likifika kazi imekwisha na hesabu zimefungwa, hakuna wa kulitilia shaka. Kampuni nyingi zina kanuni zao za zawadi, na kuuliza kabla ya kutuma si aibu. Aibu ni kumlazimisha mwenzako akurudishie, mbele ya wenzake, kitu ambacho hakukiomba.

Wauza maua hupenda kuutaja utafiti wa Jeannette Haviland-Jones na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rutgers, uliochapishwa mwaka 2005. Wanawake 147 walipelekewa zawadi bila kujua watapata nini: wengine maua, wengine vitu kama mshumaa. Waliopata maua walitoa tabasamu la kweli, lile linalofika hadi machoni. Matokeo yanapendeza. Lakini utafiti huo ulifadhiliwa na chama cha wauza maua wa Marekani, na hata tukiliacha hilo, waliopokea hawakuwa wateja wa mtu. Hapakuwa na mkataba uliosubiri sahihi. Furaha ya mtu asiyetarajiwa kurudisha chochote haithibitishi kwamba mnunuzi ataongeza oda, na anayekuuzia maua kwa ahadi hiyo anaupa utafiti mzigo usio wake.

Halafu kuna kukosea maana. Krisanthemamu Ufaransa hupelekwa makaburini, Urusi idadi shufwa ya maua ni ya msiba, na waridi jekundu karibu kila mahali husomwa kama ujumbe wa mapenzi. Mayungiyungi, yaani maua ya lili, nayo ni sumu kwa paka, na chavua yake huacha madoa kwenye nguo. Haya yote yanaepukika kwa kuuliza mapema.

Lisiloepukika kwa urahisi ni ule utumaji wa jumla. Niliwahi kuona mashada matano yakifika ofisi moja siku moja, kila moja na kadi iliyochapwa heri zile zile. Kufika jioni hakuna aliyekumbuka lipi limetoka kwa nani. Hapo wanaosema ni fedha za bure wako sahihi kabisa.

Na liko linaloniuma zaidi. Msambazaji mdogo aliyepeleka mzigo na kusubiri malipo siku 90 anaweza kuletewa maua na kampuni ile ile anayoidai. Hawezi kuyapeleka dukani kulipia mshahara wa kijana wake. Atayaona kuwa dharau, na sitamlaumu. Uhusiano wa kibiashara hujengwa kwanza kwa ankara kulipwa kwa wakati na simu kupokelewa mambo yanapoharibika. Maua yanaweza kukaa juu ya msingi huo, ila hayawezi kuwa msingi.

Yana nafasi yake pale biashara inapogusana na maisha ya mtu: mteja amefiwa, mshirika ametoka hospitalini, timu imemaliza kazi iliyowakesha. Siku hizo hakuna anayekuuliza unataka nini. Kwa hiyo ningekuwa na bajeti ya mashada 50 ya mwisho wa mwaka, ningenunua matano tu, niyatume katika miezi tofauti, kwa watu ninaoweza kuwaandikia kadi kwa mkono wangu bila kwanza kumuuliza katibu muhtasi walitufanyia nini.