Mto Mara: maji yana akiba, ningu hana msimu

Wanaosifu ushirikiano wa Kenya na Tanzania katika bonde la Mto Mara wana hoja. Mto huu wa karibu kilomita 400 unaanzia Mau, unaundwa na Nyangores na Amala, unapita Maasai Mara na Serengeti, kisha unatandaa kwenye mafunjo kabla ya kumwaga Ziwa Victoria karibu na Musoma. Mwaka 2015 nchi hizi mbili zilitia saini makubaliano ya kusimamia maji yake kwa pamoja, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ndiyo mratibu. Pande zote mbili zina jumuiya za watumia maji. Sheria za pande zote mbili zinatambua maji ya akiba, yale ambayo mwenye kibali haruhusiwi kuyagusa. Mito mingi inayovuka mipaka barani Afrika haijafika hapo.

Ila maji na samaki vina wasimamizi tofauti. Maji yako kwa bodi na mamlaka za mabonde, uvuvi uko kwa idara za uvuvi na vikundi vya BMU, yaani vikundi vya wavuvi vinavyosimamia uvuvi ufukweni. Anayesoma kina cha mto Bomet, Kenya, na anayekagua nyavu Kirumi, chini ya mto upande wa Tanzania, hawana sababu ya kikazi ya kupigiana simu, na pengo hilo ndilo linalomponza samaki aitwaye ningu.

Ningu hukaa ziwani sehemu kubwa ya mwaka. Mvua zikianza na mto ukafura, hukusanyika mlangoni mwa mto, hupanda na kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji kingoni. Maji yakipungua, vifaranga hurudi nayo. Kwa hiyo anahitaji vitu viwili kwa wakati mmoja: mafuriko, na njia iliyo wazi. Watafiti wa uvuvi walishaonya tangu miaka ya 1950 na 1960 kwamba nyavu za makila, zinazonasa samaki kwenye matundu, zilizotandazwa kwenye milango ya mito ya Ziwa Victoria zinammaliza, na leo yumo kwenye orodha ya samaki walio hatarini kutoweka. Kanuni ya ukubwa wa matundu haimwokoi hapa. Kanuni hiyo imewekwa kulinda wachanga, ilhali wanaopanda mto ni wakubwa wenye mayai. Wavu halali kabisa, ukifungwa kutoka ukingo hadi ukingo, unabeba kizazi kizima cha mwaka huo bila mvuvi kuvunja kanuni ya matundu.

Akiba ya maji nayo ina upungufu. Kenya hutumia kigezo kwamba isishuke chini ya kiwango ambacho mto hukizidi kwa asilimia 95 ya muda. Hiyo ni sakafu. Inazuia pampu za umwagiliaji kukausha madimbwi wakati wa kiangazi, na hilo ni jambo kubwa kwa samaki kama kuyu na domodomo, na kwa viboko. Ila sakafu haisemi lolote kuhusu mafuriko. Bwawa linaweza kutoa kiwango hicho kila siku bila kukosea na bado likameza wimbi la kwanza la mvua ambalo ningu alikuwa analisubiri.

Upande wa pili unastahili kusikilizwa. Msimu ambao ningu hupanda ndio ambao wavuvi wa mlangoni hupata pesa ya ada za shule, na wachuuzi wanaokausha samaki hutegemea siku hizo hizo. Ukifunga uvuvi miezi mitatu bila mbadala, nyavu zitatumbukizwa usiku, na BMU isiyo na mafuta ya boti haitazifuata. Hoja hiyo ni nzito kuliko maofisa wengi wanavyoikubali. Ndiyo maana mimi siungi mkono kufunga kwa kufuata kalenda. Mvua siku hizi hazishiki tarehe, na mvuvi aliyezuiwa wiki nne mto ukiwa mkavu hatatii mara ya pili.

Kinachofaa zaidi ni kufunga kwa kufuata kina. Kina kikipanda ghafla mto wa juu, msomaji wa kipimo atume ujumbe kwa BMU za chini, na kwa wiki mbili au tatu mkondo mkuu na mlango viachwe bila wavu. Kambare na kamongo wa ndani ya mafunjo waendelee kuvuliwa kwa ndoano. Wataalamu wa maji watapinga kwamba baada ya mafuriko mchanga na tope la chini ya mto huhama na jedwali la kugeuza kina kuwa ujazo huharibika. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kurudia vipimo. Lakini hapa ujazo hauhitajiki. Kinachotakiwa ni kujua kwamba maji yamepanda, na ubao wenye alama za sentimita unatosha, mradi msomaji analipwa.

Ukosefu wa takwimu za pamoja ulionekana Machi 2022, maji yalipogeuka meusi upande wa Tanzania na samaki wakafa. Kamati ya serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, na wengi hawakuridhika, kwa kuwa eneo hilo lina migodi ya dhahabu. Kisayansi, vifo bila sumu vinawezekana. Kwenye madimbwi ya viboko, mvua ikisukuma kinyesi kilichotuama, oksijeni huanguka na samaki hufa. Lakini sampuli ya saa nne asubuhi haithibitishi wala haikanushi, maana oksijeni hushuka zaidi kabla ya alfajiri. Kifaa kinachorekodi usiku na mchana mpakani na Kirumi, kikisafishwa mara kwa mara kabla utelezi haujaziba kihisio, na takwimu zake kuonwa na nchi zote mbili, kingepunguza mabishano.

Bado yapo mapendekezo ya mabwawa: Norera upande wa Kenya na Borenga upande wa Tanzania. Wakulima wanayahitaji, na siwezi kuwaambia wasubiri. Masharti ya vibali yaandikwe pamoja na idara za uvuvi za nchi zote mbili, na yataje kiasi cha wimbi la kwanza la mvua kitakachopitishwa, kwa siku ngapi, na nani atakayefungua lango.