Makala Mazito

Mimi ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga hafundishwi Kiswahili. Kwa kiburi hicho nilifika Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 2019 kusoma Kifaransa. Wiki ya kwanza jirani aliniona nikipandisha ndoo mbili za maji ngazini, akasema, "Weye iko na makasi!" Nikamjibu kwa adabu kwamba sina, labda aulize kwa fundi cherehani. Kumbe makasi kule ni nguvu. Wiki ya pili mama mwenye nyumba akaniuliza kama ninakula sambaza, nikadhani ananituhumu kwamba nikila huwa ninamwaga. Sambaza ni dagaa wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo ni wageni kama mimi, ila wao walishazoea.

Basi wanafunzi wanane tukakubaliana kupanda Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji, Jumamosi kwenda, Jumapili kurudi. Mpangaji alikuwa mkubwa wetu mmoja tuliyemwita Yaya, naye alipanga kama mtu aliyewahi kulala huko akatetemeka. Maji lita tatu kila mtu, maana juu hakuna kisima wala kijito. Soksi jozi mbili: moja ya kupandia, ya pili isiguswe mpaka jioni. Koti la mvua, tochi, fimbo. Mchele, sombe, yaani kisamvu, iliyokwisha kuiva, sambaza zilizokaushwa. Dada mmoja alete mbabula, yaani jiko. Mimi nikapata ujumbe wangu kwenye simu:

"Mutanzania, weye utaleta makala. Chagula ile ya uzito, ile lepesi inaisha mbiyo. Usilete kidogo, kule yulu iko baridi sana. Funga muzuri isilowane."

Usome kwa macho ya mtu wa Tanga. Kuna kosa gani? Wasomi wanakwenda kwenye volkano, wanataka makala. Mazito, si yale mepesi ya kumaliza kwa mkupuo. Baridi ikizidi watu watajifungia, na msomi aliyejifungia afanye nini kama si kusoma? Tena karatasi na mvua haviwezani, lazima zifungwe. Nikakesha kwenye intaneti, nikachapisha kurasa 62: makala moja ya mlipuko wa 1977, moja ya mlipuko wa 2002, na ya tatu ya gesi ya volkano, hiyo nzito kuliko zote, yenye milinganyo. Nikazitia kwenye jalada, jalada kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mfuko.

Kibati, ambako njia inaanzia, mlinzi wa mbuga alipita kukagua mizigo. "Makala iko?"

"Iko, afande!"

Mpagazi akainua mfuko wangu kwa vidole viwili, akaguna. "Hii makala iko lepesi." Niliumia kidogo. Hata hajaisoma.

Njia yenyewe ni kilomita nane hivi, na inachukua saa tano kwa mtu wa kawaida. Kwanza msitu, watu wanapiga soga. Kisha unaingia kwenye mawe ya lava ya 2002, malegevu, makali, yanayokimbia chini ya kiatu. Hapo usikanyage kwa kisigino. Kanyaga bapa, na fimbo itangulie. Mimi nilikuwa na raba za kuchezea mpira wa ufukweni, soli zake laini kama andazi, nikawa nikipanda hatua tatu ninarudishwa moja. Soga zikaisha. Kipande cha mwisho kimesimama kama ngazi ya mnazi, na hewa ya kupandia ni chache, maana kilele kiko mita 3,470 na Tanga iko mita sifuri.

Tulifika saa kumi na moja na nusu, tumeloa jasho, upepo unapita ndani ya shati. Hilo ndilo kosa la wengi: mtu akifika hukimbilia ukingoni kutazama, na ile shati mbichi inamgandisha. Badilisha nguo kwanza. Sisi tulitazama kwanza. Chini huko ziwa la lava linachemka jekundu, linapasuka, linanguruma kama bahari ya kusi. Joto lake halifiki ukingoni hata la kupasha kiganja.

Dada akasimamisha mbabula mlangoni mwa kibanda, nyuma ya upepo. "Mutanzania, leta makala."

Nikampa jalada kwa mikono miwili.

Akalifungua. Akalipindua. Akatazama ndani ya mfuko, kisha ndani ya mfuko wa nje. "Hii iko nini?"

"Makala. Ya kwanza ni ya 1977. Nimeweka na picha."

"Picha ya makala?" akauliza Yaya, taratibu, kama daktari.

Mpagazi mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo nikaelezwa kwamba Goma makala ni yale ambayo Tanga tunayaita makaa.

Kuni je? Kule ni ndani ya Mbuga ya Virunga, hukati hata kijiti, na walinzi wake wana ugomvi wa miaka mingi na wachoma makala. Na kwenye kimo kile maji yanachemka kwenye nyuzi 88 hivi, kwa hiyo wali unataka moto wa muda mrefu kuliko mjini. Yaya alikuwa amepiga hesabu ya kilo tatu. Alikuwa na kurasa 62.

Tukazichoma. Karatasi iliyotandazwa inawaka puu na kuzimika, haina kaa la kubaki. Ukiisokota kama kamba na kuifunga fundo inajikaza dakika moja zaidi, lakini majivu yanaziba matundu ya mbabula na moshi unakurudia machoni. Makala ya 1977, inayoeleza jinsi ziwa zima la lava lilivyomwagika kwa muda usiofika saa moja, yenyewe iliisha kwa dakika nne. Ile ya gesi ilitoa gesi tu. Tukapata chai ya vuguvugu, vikombe viwili kwa watu wanane.

Ya 2002 ilipona. Mlinzi aliiomba, akaisoma kwa tochi mpaka mwisho, maana lava ile ilipita mtaani kwao, kisha akaikunja akaitia mfukoni. Baadaye akanong'ona na mpishi wa watalii wa vibanda vya jirani, nao walipomaliza kula tukapewa makaa yao yaliyosalia. Tulikula wali saa tano usiku, wa nje umeiva, wa ndani unalia mchanga.

Wiki tatu baadaye tukapanga kwenda kisiwani Idjwi. Ujumbe wangu ulikuwa mfupi: "Mutanzania, makala. Ile nyeusi."