Kadi ya mkopo Kisumu: tuanze na riba, pointi zije baadaye

Ukiuziwa kadi ya mkopo Kisumu, cha kwanza kuambiwa ni pointi. Tumia shilingi 100 upate pointi moja, na pointi zikijaa uzibadilishe na vocha ya duka au tiketi ya ndege ya Nairobi. Riba huja mwishoni, tena hutajwa kwa mwezi. Asilimia 3.5 kwa mwezi inaonekana ndogo, lakini ikijirundika mwaka mzima inapita asilimia 50.

Tuseme umetumia 40,000, na kila pointi ina thamani ya shilingi moja. Umepata 400. Deni hilo likivuka tarehe ya mwisho bila kulipwa, riba ya mwezi mmoja ni 1,400. Sasa fuata lile deni kwa anayelipa kiwango cha chini tu, tuseme asilimia 10 ya jumla ya deni na riba yake. Hata asiponunua kitu kingine chochote, baada ya mwaka atakuwa amelipa takriban 34,600, na bado anadaiwa kama 17,000. Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, inayotoza asilimia 1 kwa mwezi kwa deni linalopungua ingemtoza riba isiyofika 3,000 kwa mwaka huo, na deni likaisha.

Hata hivyo kadi ina haki yake. Anayelipa deni lote kila mwezi hupewa hadi siku 50 hivi za kutumia pesa za benki bila riba, na pointi ni faida yake halali. Muuguzi ambaye mtu wa nyumbani kwake ameugua usiku, na hospitali inataka amana kabla ya kumlaza, hana muda wa kutafuta wadhamini watatu wa sacco. Mwizi akitumia kadi yako mtandaoni, unabishana na benki kuhusu pesa za benki yenyewe huku mshahara wako ukiwa salama. Hizo ni faida kubwa, na wanaosema kadi zote ni mtego wanazipuuza.

Shida ni kwamba maisha ya Kisumu hayapiti sana kwenye kadi. Mboga za Kibuye, nauli ya boda ya Kondele na kodi ya nyumba hulipwa kwa M-Pesa au taslimu. Karo nayo huenda benki au kwa Paybill ya shule. Kwa hiyo mwenye kadi huishia kwenye ATM, na hapo ndipo kadi ni ghali kuliko popote: kuna ada ya kutoa pesa, riba inaanza siku hiyo hiyo bila zile siku 50, na kwa kawaida hakuna pointi. Januari ya karo ndiyo huwaangusha wengi, na inauma kuona mzazi anayesomesha mtoto kwa jasho akilipa riba ya namna hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato ya mshahara kupita theluthi mbili, na ndiyo maana mwalimu aliyejaza mikopo hukataliwa mwingine. Deni la kadi hulipwa kutoka akaunti yako baada ya mshahara kuingia, kwa hiyo ile theluthi iliyobaki, ya unga na nauli, haina ulinzi. Sheria ya Benki inasaidia kidogo: tangu 2007, mkopo ukishakuwa mbovu, yaani umekoma kulipwa, benki haiwezi kudai riba inayozidi deni la msingi lililokuwepo wakati huo. Lakini kufika huko ni kuwa umeshaorodheshwa CRB, kule kunakowekwa rekodi za wakopaji.

Fomu nyingi za kadi zina sehemu ya kuchagua ukatwe kiasi gani kila mwezi: deni lote au kiwango cha chini. Chagua deni lote kabla hujatia sahihi. Anayesita kuchagua hapo kwa sababu mshahara hautatosha, kwa maoni yangu, bado hajafika wakati wa kadi, na sacco itamfaa zaidi.