Shati XL, fimbo X

Kosa lilianzia kwenye kibandiko kidogo. Shafti nyingi za fimbo za gofu (ule mpini mrefu), chini tu ya mshiko, zina herufi: L, A, R, S au X. Jamaa aliyekuwa akiuza seti yake kuukuu alinitajia kwa fahari kwamba zake zote ni X. Mimi mwili ninao, na shati langu ni XL. Nikaona riziki imejileta yenyewe. Nikalipa bila hata kuomba nizungushe moja.

Herufi hizo hazihusiani na kiuno cha mtu. Zinaeleza ugumu wa shafti: L inapinda kuliko zote, X ni nondo. X inamfaa mtu anayezungusha draiva, fimbo ya kupigia mbali kuliko zote, kwa kilomita 170 hivi kwa saa na kuendelea. Siku niliyokuja kupimwa, mashine ilinisomea 131, na hapo nilikuwa nimekunja uso.

Yule muuzaji, tusimwonee, alinionya. Draiva yake ilikuwa ya nyuzi 8.5, yaani uso wake umesimama wima karibu kama ukuta. "Kaka, hutaki kutafuta ya 12?" Nikamcheka. Gofu nzima anashinda mwenye namba ndogo; mwenye akili timamu atanunuaje 12 na 8.5 ipo?

Dukani nikaongeza dazeni tatu za mipira ya bei kali na glovu ya mkono wa kulia, maana ndio mkono wangu wa kazi. (Anayepiga kwa kulia huvaa ya kushoto. Glovu nayo ikae kama ngozi ya pili. Yangu ilikuwa na nafasi ya mpangaji.)

Asubuhi ya Jumamosi, kedi wangu, yaani mbeba fimbo, kijana mpole, akanyanyua mfuko. Akautua. Akaunyanyua tena.

"Mzee, tunahama?"

Ulikuwa mfuko mkubwa kama wanaobebewa wachezaji wa kulipwa, kilo 16 pamoja na vilivyomo. Wa mwanafunzi wa gofu, wenye miguu miwili ya kusimamia, ukiwa mtupu, ni kama kilo 2 tu. Akaanza kuhesabu fimbo kwa kidole, akafika 17. Sheria inaruhusu 14. Tukianza na 17, akanieleza, naongezewa mipigo miwili kwa kila shimo, hadi minne kwa raundi. Yaani nilikuwa nadaiwa kabla sijagusa mpira.

Ikabidi tatu zibaki, na za kubaki nilichagua mwenyewe. Nikatoa haibridi mbili (fimbo za kichwa kinene za kupigia mbali) na weji ya mchangani (fimbo ya uso uliolala, ya kuutoa mpira mchangani) yenye unyayo mpana, kwa sababu zilikuwa nene nene na hazikunipendeza machoni. Aironi ya 2, fimbo ya kichwa cha chuma, nyembamba kama kisu cha mkate, nikaibakiza. Kijana alifungua mdomo, akaufunga. Kumbe nilikuwa nimetupa fimbo tatu pekee ambazo zingenihurumia: haibridi ina uzito chini na nyuma, kwa hiyo mpira unapaa hata ukiupiga ovyo. Aironi ya 2 haimpaishii mtu mpira kwa hisani.

Pigo la kwanza, kwa draiva. Mpira ulitoka vizuri mita kama 60, kisha ukakata kulia kama mtu aliyemwona mdai wake. Wa pili, vivyo hivyo. Nikaulaumu upepo, bendera ilikuwa imelala. Kilichotokea ni kwamba uso wa fimbo ulikuwa unafika umefunguka kulia, na shafti ngumu ya X haikunisaidia kuufunga. Zile nyuzi 8.5 zikamalizia kazi: uso ukiwa wima, mpira haupati mzunguko wa kutosha wa kurudi nyuma, basi kosa dogo la pembeni linageuka kona. Nyuzi 12 zingeipunguza kona ileile.

Aironi ya 2 niliipiga mara moja. Ilikuwa ya chuma kitupu, uzito wote umerundikwa katikati, na mimi katikati sikuwahi kufika. Maumivu yalipanda kwenye vidole mpaka kwenye meno. Aironi za mwanafunzi zimechimbwa mgongoni na uzito umesukumwa pembeni, ili ukikosea upoteze umbali kidogo tu, usipoteze kiwiko.

Mipira nayo ikaanza kuaga. Tangu 2019 muda wa kutafuta mpira ni dakika 3, zamani ulikuwa 5. Niliibariki sheria hiyo kwa moyo wote, kwani vichaka vilikuwa vimenichosha. Kufika shimo la 6 nilikuwa nimepoteza 11.

Hapo kijana akaenda kwenye kibanda chao, akarudi na aironi ya 7 iliyochakaa, mgongo umechimbwa, shafti R. "Jaribu hii, mzee." Mpira ukapaa mita 120, ukanyooka. Sikumwangalia usoni.

Sasa nina fimbo saba: draiva ya nyuzi 12, haibridi ya 4, aironi za 6 na 8, weji ya kawaida, ya mchangani ya nyuzi 56, na ya kwenye grini (ya kusukumia mpira shimoni). Shafti R, isipokuwa hiyo ya mwisho ambayo haihitaji mjadala. Mipira nanunua iliyookotwa majini.

Seti ya zamani niliitangaza. Wiki iliyopita akaja mteja, kipande cha baba, mlango ukajaa. Akachomoa draiva, akaigeuza, akakisoma kibandiko. Uso ukang'aa.

"X! Hii yangu kabisa, ndugu. Mimi shati langu ni XXL."

Pesa alikuwa ameshazishika mkononi. Nikazitazama. Nikalitazama lile fuko kule kona, limekalia nusu ya sebule.

"Kaa kwanza," nikamwambia, "nikuletee chai."