Nilikuona umeinama

Baiskeli yangu iliibwa mlangoni pa duka, Barabara ya 12, Ngamiani, nikiwa nimeinama nachagua vitunguu. Mwizi hakufika hata Barabara ya 14. Nilipokimbilia kelele nilimkuta keshalazwa chini, mmoja kashika tofali, mwingine anauliza tairi liko wapi. Aliyemwokoa ni mama mmoja muuza mihogo. Alimkalia. Namaanisha alikaa juu yake hasa, na khanga zake, akasema anayetaka kumpiga aanze na yeye.

Sitajifanya malaika: siku ile nilitaka apigwe. Hapa Tanga baiskeli ndiyo miguu ya mtu. Lakini alipelekwa polisi, kisha mahakamani, akala mvua moja, yaani mwaka mmoja, gereza la Maweni.

Barazani kwetu kuna mzee ambaye kila habari ya wizi ikitajwa hukumbusha sheria ya 1963: viboko 24, kumi na viwili mfungwa akiingia gerezani, kumi na viwili akitoka. Huisimulia kwa raha kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akihesabu. Sheria ile ilibadilishwa mwaka 1972, na mzee anaamini hapo ndipo nchi ilipoharibika. Namheshimu, ila swali langu huwa halijibu: wakati huo kufuli hazikuuzwa?

Jibu nililipata kwa mwizi wangu mwenyewe. Alipotoka nilimuuliza, hukuogopa kufungwa? Akasema, "Kaka, nilikuona umeinama." Basi. Hakupiga hesabu ya mwaka wala ya miaka 10. Alipiga hesabu ya mgongo wangu. Ndiyo maana naona tunapoteza pumzi kudai vifungo virefu kwa wezi wadogo, wakati kinachowazuia ni uhakika wa kuonekana na kukamatwa. Taa za mtaani zingefanya kazi kuliko viboko vya mzee.

Jambazi wa silaha sheria inampa miaka 30, na hapo sina ubishi. Nazungumzia huyu wa baiskeli, wa kuku, wa simu.

Huyu tunayo sheria yake tangu 2002, ya huduma kwa jamii. Aliyehukumiwa kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza kukitumikia nje, kwa kufanya kazi za umma bila malipo. Laiti wangu angepewa mitaro ya Soko la Mgandini, akaizibua kila asubuhi mbele ya shangazi zake wanaokwenda kununua samaki! Anayeijua aibu ya mji huu anajua hiyo si huruma. Na jioni angelala kwao, si pamoja na watu wa kumfundisha kuvunja milango.

Haki yake niiseme: gerezani alijifunza uashi. Alikuwa na nidhamu, akapunguziwa theluthi ya kifungo kama sheria inavyoruhusu, akarudi mtaani na kazi mkononi. Tunajisifu kwamba Tanga ni waja leo, waondoka leo. Kwa mfungwa mdogo ongeza: kesho warudi. Na wanaomrudisha ni sisi. Halmashauri ina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Vijana huikopa kwa kikundi, na deni ni la wote. Nani atamwandika mtu wa Maweni kwenye kikundi chake?

Mimi mwenyewe je? Alikuja kwangu nilipokuwa nataka kujenga choo. Akasimama nje ya uzio, hakuthubutu kuingia. "Kaka, nimesikia unatafuta fundi." Nikamwambia nishapata. Sikuwa nimepata. Nilikuwa nawaza baiskeli iko wapi.

Mama wa mihogo ndiye aliyempa kazi ya kwanza, kumjengea jiko la matofali na kaukuta ka kuzuia upepo. Nimelipita mara nyingi lile banda. Ukuta umenyooka kama uzi. Choo changu nilimpa fundi mwenye jina safi, na tangu masika yaishe kimeanza kuinama upande wa jirani.

Wiki ijayo nitakwenda kumwomba aje akitazame. Safari hii mimi ndiye nitakayesimama nje ya uzio.